Baridi ya Kugandisha Mwani

Desemba 5. Nyuzi mbili juu ya sifuri.

Mama mkwe wangu, Fusae, amenipa daftari hili leo asubuhi pamoja na kipimajoto. "Kila siku saa kumi na mbili asubuhi nenda nyuma ya ghala, soma, andika. Namba tu." Nimeandika namba. Ukurasa umebaki mtupu karibu wote, na mimi nafasi tupu inaniwasha vidole.

Basi, naitwa Chinatsu. Nina miaka thelathini na minane. Nimezaliwa kisiwa cha Amami, kusini kwenye joto, ambako watu huvaa sweta wakisikia upepo umebadilika. Nimeolewa hapa Chino mwaka wa saba huu, na miaka yote sita iliyopita nilikuwa nauza dawa mjini huku nikiitazama kazi ya nyumba hii kupitia dirishani. Zamani walikuwa wanakuja vibarua tisa kila majira ya baridi. Mwaka huu amekuja mmoja, Mzee Kurosaki, kutoka Niigata. Kwa hiyo nimeacha duka la dawa na nimevaa viatu vya mpira.

Kazi yenyewe ni kanten, chakula cha mwani uliogandishwa na kukaushwa. Mwani mwekundu unatoka pwani ya Izu, unaoshwa, unachemshwa kwenye sufuria la chuma ambalo watu wawili wanaweza kuogea, unachujwa, unamiminwa kwenye vyano vya mbao, unaganda kuwa jeli. Jeli inakatwa vipande vya urefu wa mkono, inalazwa nje juu ya vichanja, kwenye shamba letu la mpunga lililokwisha kuvunwa. Usiku inakuwa barafu. Mchana jua linaiyeyusha, maji yanachuruzika. Wiki mbili tatu hivyo, mpaka kinabaki kitu cheupe, kikavu, chepesi kama unyoya. Hakuna mashine. Baridi ndiyo inayofanya kazi, sisi tunaibebea mizigo tu.

Lakini miaka miwili mfululizo baridi haijafanya kazi vizuri, tumetupa zaidi ya nusu. Mwezi uliopita mume wangu Yasuhiko alimwambia mama yake kwamba na mwaka huu ikiwa hivyo, yeye anakwenda kuajiriwa kiwandani Suwa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuchambua mwani.

Desemba 6. Nyuzi tatu juu.

Hatukutoa.

Desemba 7. Nyuzi tatu juu. Hatukutoa.

Desemba 9. Nyuzi moja juu.

Anayeamua siku ya kutoa jeli nje ni Mama. Saa nane mchana anasimama nyuma ya ghala akiielekea milima ya Yatsugatake, anafungua skafu, anaupa upepo shavu lake la kushoto. Dakika tano, pengine kumi. Haangalii simu wala hasikilizi redio. Akirudi anasema neno moja: "Tunatoa," au "Hatutoi." Mama wa mume wake alikuwa anafanya hivyohivyo. Jeli ikishakatwa haisubiri zaidi ya siku mbili, na ikitoka nje usiku usio wake haina kurudi.

Leo kasema, "Hatutoi," akapita mbele yangu kama anayepita kabati.

Desemba 12. Sifuri.

Tunakula kama watu wenye kazi. Mchana tumekula tambi za ngano nyeusi na majani ya nozawana yaliyotiwa chumvi tangu Novemba. Pipa lake liko nje, na asubuhi inabidi kuvunja barafu nyembamba ili kuyapata. Mara ya kwanza nilipoyala, miaka saba iliyopita, nilidhani yameharibika. Leo nimekula mabakuli mawili nikaona aibu kuongeza la tatu.

"Shemeji," akasema Mzee Kurosaki, "unavyotafuna majani, Amami hawakuwapa mboga?"

"Walitupa. Ila za kwetu hazipigwi na baridi."

"Ndiyo maana hazina adabu."

Ana miaka sitini na sita, mwezi wote huu anatukana kila kitu kwa upole namna hiyo. Mimi ananiita shemeji, Yasuhiko anamwita "bosi wa karatasi" maana amri ni za mama yake, na Mama anamwita Bi Fusae, bila mzaha wowote.

Desemba 19. Hasi sita.

Tulitoa jana. Sikulala vizuri, na alfajiri sikwenda kusoma kipimajoto kwanza, nilikwenda shambani.

Sijui niiandikeje. Jana jioni niliacha safu za vipande vinavyotetemeka, vyenye rangi ya chai nyepesi, ukigusa kidole kinazama. Leo vilikuwa vyeupe, vigumu, kila kimoja kimeota ndani yake sindano za barafu zilizopangana kama nyuzi kwenye kitambaa. Vipande elfu nne na mia mbili. Hakuna mkono uliovigusa usiku kucha. Jua lilipotokea juu ya mlima, shamba zima lilianza kudondosha maji kwa pamoja, tone hapa, tone pale, halafu kila mahali, sauti kama watu wengi wanaonong'ona kwa heshima wakiwa msibani. Barafu ilikuwa inaondoka na mwani ulikuwa unabaki.

Mzee Kurosaki alikuja akasimama pembeni yangu na kikombe cha chai.

"Mwaka wangu wa thelathini na moja huu," akasema. "Bado sijui nani anaifanya hii kazi."

Hakutania baada ya hapo. Tulitazama mpaka chai yake ikapoa.

Desemba 23. Hasi tano.

Nimewapikia keihan, wali wa kwetu: kuku aliyechambuliwa, yai, uyoga, ganda la chungwa, halafu unamwagia mchuzi wa moto juu. Yasuhiko alifumba macho. Mama alikula yote, akaweka vijiti chini, akasema mchuzi una mafuta mengi. Miaka saba, na sijawahi kupika kitu kisicho na mengi ya kitu fulani.

Desemba 31. Hasi saba.

Samaki wa mtoni, yule wanayemwita koi, amechemshwa kwa miso, rojo la soya lenye chumvi, tangu asubuhi mpaka mifupa ikalainika. Halafu tambi za kuvukia mwaka. Tumemaliza mwaka tukiwa na vichanja vilivyojaa, na Yasuhiko amecheka mara mbili.

Januari 1. Hasi nane. Supu ya mochi, vitonge vya mchele wa kunata. Siku ya kupumzika, lakini kanten haijui sikukuu, kwa hiyo tulikwenda kuigeuza.

Januari 8. Hasi tatu. Theluji. Tumefagia kipande kwa kipande kwa mafagio ya majani laini, maana theluji ikiyeyukia juu ya kanten inaacha madoa. Mgongo si wangu tena.

Januari 11. Hasi moja.

Mzigo wa kwanza umekauka, lakini nusu yake ina nyufa. Baridi ilikuja ghafla mno Krismasi, anasema Yasuhiko, na wakati ule Mama alikuwa amekataa tufunike. Mama anasema ni mwani wa mwaka huu. Hawakubishana. Walikaa tu kila mtu na upande wake wa meza, na mimi katikati nikimenya karoti.

Januari 16. Hasi moja.

Saa nane nilikuwa nyuma ya ghala nikianika matambara, Mama akaja kusimama mahali pake. Hewa ilikuwa nzito. Ilikuwa na harufu ya Amami mwezi wa tatu, harufu ya kitu kinachotaka kunyesha. Yasuhiko alitoka na simu yake.

"Mama, wanasema kuna mawingu ya joto yanatoka kusini."

"Wanasema wao."

"Mama, tusubiri kesho."

Mama alifungua skafu akatoa shavu. Nilimtazama. Uso wake haukubadilika hata kidogo, nami nikajiambia, huyu amefanya kazi hii miaka arobaini na tano, wewe wa juzi unajua nini.

"Tunatoa," akasema.

Tumetoa vipande elfu tano, mzigo mkubwa kuliko yote. Na pembeni yake ipo jeli tuliyoitoa wiki iliyopita, ambayo bado haijakauka.

Januari 17. Nyuzi nne juu.

Mvua ilianza kabla sijafika kwenye kipimajoto.

Tulikimbia na maturubai sisi wanne. Upepo ulikuwa unayanyanyua upande huu tukiufunga ule. Mzee Kurosaki alilala kifudifudi juu ya turubai moja ili lisiruke, akawa analaani kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya sokoni. Yasuhiko alifunga kamba mpaka viganja vikachubuka. Mvua ikaingia chini, pembeni, ikaingia kila mahali. Vipande vya jana, ambavyo havikuwahi kushika baridi, vikalegea vikaanza kuteleza kupitia mianya ya vichanja, vikaanguka kwenye matope kwa sauti ndogo. Vile vya wiki iliyopita vilivyokuwa vimeanza kuwa vyeupe vikanywa maji vikavimba, vikawa na rangi ya kijivu.

Saa tano Yasuhiko aliachia kamba. "Basi," akasema. Akaenda kukaa ndani ya gari, akafunga mlango, hakuliwasha.

Mama alikuwa jikoni, viatu vyenye matope mguuni, jambo ambalo sijaliona katika nyumba hii hata siku moja. Nilimletea taulo. Ndipo nikaona kamba ya turubai ilikuwa imemchana shavu la kushoto kutoka karibu na jicho hadi kidevuni. Damu ilikuwa inateremka ikiingia kwenye kola.

"Mama, unatoka damu."

"Wapi?"

"Usoni."

Akapapasa shavu la kulia.

"Huku kwingine," nikasema.

Akaweka vidole vyake kwenye kidonda kabisa, akavitazama vilivyokuwa vyekundu, na uso wake haukukunjamana hata kidogo. Nimeuza dawa miaka sita. Najua mtu anayevumilia maumivu anavyokaa. Huyu hakuwa anavumilia chochote.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Alichukua taulo mkononi mwangu. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya ghala.

"Majira ya baridi ya juzi, si haya yaliyopita. Niliamka upande huu umekufa. Daktari akasema ni mshipa mdogo kichwani, nina bahati. Bahati." Akaifuta damu. "Nikadhani nitajifunza na upande wa pili. Upande wa pili haujui kitu, Chinatsu. Nimekuwa nabahatisha."

Nilitaka kukasirika, na kweli nilikasirika. Miaka miwili Yasuhiko anailaumu hali ya hewa, anajilaumu mwenyewe, halali. Halafu nikafikiria namna alivyokuwa anasimama kule nyuma kila siku saa nane, uso umeelekea mlimani, akisubiri kitu ambacho hakiji, kisha anarudi na neno moja kwa sababu sote tulikuwa tunalisubiri. Nikaelewa pia kwa nini alitaka namba ziandikwe kila asubuhi. Alikuwa anajisahihisha. Daftari hili lilikuwa la kumwonyesha amekosea mara ngapi.

"Usimwambie Yasuhiko," akasema.

"Nitamwambia, Mama. Au utamwambia wewe."

Hajawahi kunitazama vile, kama mtu anayeangalia mtu.

Alimwambia mwenyewe, mezani, jua halijazama. Aliongea maneno machache akiangalia bakuli lake la wali. Yasuhiko aliweka vijiti chini, nikadhani ataondoka.

"Kwa hiyo haikuwa hali ya hewa peke yake," akasema hatimaye.

"Haikuwa."

"Ungeniambia, Mama."

"Ungefunga kazi."

"Ningekupeleka hospitali."

Mzee Kurosaki alikuwa anakula kachumbari yake ya figili kana kwamba wanaongelewa majirani. "Mimi nilijua mwaka jana," akasema. "Cheche ya moto ilimrukia shavuni akaendelea kukunja magunia. Nikasema atasema akitaka."

"Na wewe ukanyamaza," Yasuhiko akamwambia.

"Mimi kibarua, bosi. Nalipwa kubeba." Akanielekezea kijiti. "Lakini kama mnatafuta shavu, shavu si hilo hapo? Tangu Desemba huyu wa kisiwani analalamika baridi kabla kipimajoto hakijapata habari. Sisi tumezaliwa kwenye baridi, ngozi zetu zimekwisha kuota sugu."

Nilicheka kidogo nikidhani ni utani. Mama hakucheka.

Januari 18. Nyuzi mbili juu. Tumezoa matope na kanten kwa majembe. Siandiki zaidi.

Januari 19. Sifuri.

Saa nane mchana Mama alinishika mkono wa koti akanipeleka nyuma ya ghala. Akanifungua skafu yeye mwenyewe.

"Unasikia wapi?"

"Kila mahali. Ni baridi."

"Hilo si jibu. Anza chini."

Nikaanza chini. Miguu, magoti, tumbo, viganja. Nilipofika shingoni nikasema hapa, inaniingia kwenye kola.

"Hiyo inatoka juu. Hiyo ni ya mawingu, inapita tu. Haigandishi kitu."

Januari 20. Hasi moja. Shingo tena. Na masikio. "Masikio ni upepo," akasema. "Achana na masikio."

Januari 22. Sifuri.

Leo amenieleza kwa nini shavu la kushoto. Akisimama pale akiuelekea mlima, kushoto ni upande wa bonde, ambako hewa nzito ya baridi hujikusanya na kupanda taratibu usiku unapokuwa safi. Shavu lake lilikuwa linaisikia muda wa saa sita kabla. "Lako huenda si shavu," akasema. "Mama mkwe wangu alikuwa anasikia kwenye meno." Nimeishi na mwanamke huyu miaka saba nikidhani anauelekea mlima kwa kiburi. Alikuwa anasikiliza bonde.

Jioni kaonja mchuzi wangu akasema chumvi inatosha. Inatosha. Nimeliandika ili nisije nikadhani niliota.

Januari 24. Nyuzi moja juu.

Mwani uliobaki ni wa kupika mara moja tu kwa sufuria lililojaa, na tumeupika jana. Vipande elfu tano na mia tatu vipo kwenye vyano, vimekatwa. Siku mbili, halafu basi.

Saa nane mawingu yalikuwa yamekalia mlima. Kipimajoto kilisema nyuzi tatu juu. Simu ya Yasuhiko ilisema usiku hautafika hasi tatu. Tulisimama wote wanne nyuma ya ghala, hata Mzee Kurosaki, mikono ndani ya mikono ya koti.

"Unasikia wapi?" Mama akauliza.

Shingo yangu ilikuwa kimya. Masikio nikayaacha. Kisha nikasikia kitu kwenye vifundo vya miguu, chembamba, kama maji ya kisima yanayopanda polepole. Kilifika kwenye magoti kikasimama. Nilipovuta pumzi kwa mdomo, meno ya mbele yakaniuma.

"Chini," nikasema. "Miguuni. Na meno."

"Una uhakika?" Yasuhiko akaniuliza.

"Sina. Lakini inatoka chini."

Alimtazama mama yake. Mama alikuwa ananitazama mimi. Nilikuwa nasubiri aseme lile neno, na ikanichukua muda kuelewa kwamba hatalisema.

"Tunatoa," nikasema. Sauti ilitoka ndogo.

Mzee Kurosaki alikwishaanza kutembea. "Mmemsikia shemeji. Beba."

Tulipomaliza kupanga, akaleta pande la barafu na kulisugua kwenye kikunio kikubwa cha bati, nasi tukapita safu kwa safu tukinyunyiza kidogo juu ya kila kipande. Jeli haijui kuanza kuganda mpaka iguswe na kitu kilichoganda tayari. Mama alinyunyiza pamoja nasi, kila kipande kwa vidole vitatu, kama anayetia chumvi chakula cha mgeni.

Januari 25. Hasi tisa.

Niliamka mawingu hayapo. Mlima ulikuwa umesimama wote, karibu mno. Sakitu, umande ulioganda, ilikuwa imeshika kila kitu, waya, majani, ufito wa fagio nililoliacha nje.

Nilikwenda mpaka ukingo wa shamba nikashindwa kuingia. Vipande elfu tano na mia tatu, vyote vigumu, vyote vimeganda taratibu kuanzia pale vilipoguswa, sindano zake ndefu na nyembamba bila ufa. Niliinua kimoja. Kiganja kilinata. Jana kilikuwa mwani na maji, na juzi kilikuwa chini ya bahari ya Izu, na mtu mmoja alipiga mbizi kukichuma, na sasa kimelala kwenye shamba la mpunga mlimani na usiku umekiandika ndani. Nilihisi nimesimama ndani ya nyumba ya mtu ambaye hajaonekana, ambaye amefanya kazi yote akaondoka kabla sijasema asante.

Mama alikuwa amefika nyuma yangu. Nilisogea nikampa njia. Alichuchumaa akaweka sikio karibu na kichanja cha kwanza, akakaa hivyo mpaka jua lilipotoka na matone yakaanza.

Januari 30. Hasi kumi. Jua.

Februari 2. Hasi nane. Theluji kidogo, tumefagia. Jua mchana.

Februari 3. Hasi saba. Tumerusha maharage ya kufukuza mashetani, desturi ya siku hii. Mzee Kurosaki ndiye alikuwa shetani, na mama mkwe wangu ana shabaha nzuri sana.

Februari 6. Hasi sita.

Yasuhiko amepiga simu Izu kuagiza mwani wa mwakani. Sikumuuliza kuhusu Suwa. Alikata simu akaniambia Jumatano anampeleka Mama hospitali ya mkoa, na Mama ameshakubali, ingawa amesema daktari wa huko lazima awe mtu mzima, hataki mtoto.

Februari 10. Hasi saba.

Vipande vimekauka. Vyote. Nilibeba gunia zima begani kwa mkono mmoja, na lilikuwa jepesi hata nikageuka kuangalia kama limetoboka.

Februari 12. Hasi nne.

Leo Mama amenifundisha kuipika kanten. Unaloweka vipande viwili mpaka vilegee, unavikamua, unavichanachana, unavichemsha na maji, hakuna kipimo, mpaka unapokoroga usione tena kitu. Kisha unamimina kwenye bakuli la mraba na kuondoka. Hakuna friji. Nyumba yetu ni ya baridi, ndani ya saa moja ilikuwa imeshika.

"Mnanilisha chakula cha kiangazi mwezi wa pili," Mzee Kurosaki akasema, lakini alikuwa wa kwanza kukaa.

Mama alikata kipande akakisukuma kwenye kisanduku cha mbao chenye waya mwishoni, zikatoka tambi ambazo hazina rangi, unaziona kwa sababu tu mwanga unapinda. Akaweka siki, sosi ya soya, haradali kidogo. Nilipozitia mdomoni, zenyewe hazikuwa na ladha. Zilikuwa na ubaridi, na namna ya kukatika kwenye meno, na nyuma kabisa, kama mtu aliyepita chumba cha jirani, bahari. Nimekulia baharini na sijawahi kuila hivi, iliyosafishwa mpaka ikabaki adabu yake tu.

Mama alitafuna upande wa kulia, taratibu.

"Imeshika," akasema. Kisha akasukuma bakuli lake kuja kwangu, akanyoosha mkono kuchukua langu, ambalo nilikuwa nimeliongezea haradali nyingi, wala hakusema imezidi.

Yasuhiko alikuwa hajaanza. Alikuwa ameinua kipande ambacho hakijakatwa, kwenye kiganja, akikielekeza dirishani. Mlima ulionekana ndani yake, umepinda kidogo, una theluji mpaka chini. Tuliutazama sote wanne, na hakuna aliyemharakisha.